Eliakimu, Punda Katibu na Kigoda cha Mama Mkwe

Miaka ile sabuni iliporudi madukani na mitumba ikaanza kushuka Dodoma kwa malori, Bwana Gulzar, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alifungua robota moja akakuta suruali nyeupe nne, kofia ngumu nne na mabuti ya kumeza mguu hadi gotini. Alilia palepale dukani. Marehemu babu yake alikuwa akicheza polo huko Bara Hindi, mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo ndefu juu ya farasi, na Gulzar akaamini kwamba robota lile limetumwa na marehemu mwenyewe. Akatangaza kuwa sasa Dodoma itacheza polo.

Farasi, alisema, wako njiani kutoka Arusha. Mpaka leo wako njiani. Kwa hiyo akamwendea Eliakimu wa Makole, muuza maji mwenye punda wengi kuliko ndugu.

Eliakimu alikuwa ametembea nyuma ya punda tangu alipojua kutembea, lakini kumpanda hakuwahi. Punda ni wa madebe. Mtu mzima akimkalia, watu huuliza kama miguu yake imekufa. Lakini ile suruali nyeupe! Alipoivaa, hata vumbi la Dodoma liliona haya kumgusa. Akakubali.

Masomo yalianza juu ya pipa. Gulzar alieleza kwamba mwanafunzi wa polo huanza na kitu kisichokimbia. Akalaza pipa tupu uani kwa Eliakimu, akamkalisha juu yake, akampa fimbo ndefu yenye kichwa kama cha nyundo, akaweka chini mpira wa mti. Eliakimu alipiga pipa, akapiga goti lake, akampiga jogoo wa jirani ambaye tangu siku hiyo akawa anawika adhuhuri. Mpira haukuguswa. Mvua ziliponyesha ulichipua majani. Anayebisha aende Makole akaulize.

Aliyeumia hasa ni mkewe, Anjelina. Kila akienda bombani wanawake walimpokea kwa maswali.

"Shoga, pipa limemfikisha wapi leo? Morogoro ameshaipita?"

Alivumilia hadi siku alipomkuta mumewe akilifunga pipa hatamu. Akafungasha nguo, akarudi kwa mama yake Buigiri.

Eliakimu alituma shangazi zake wakaombe. Mama mkwe, Bibi Loisi, aliwajibu kwa upole kwamba binti hatoki mpaka yeye mwenyewe auone huo mchezo, ajue kama una adabu au ni wazimu.

Hapo ndipo penye kazi. Mgogo aliyelelewa hatazamani na mama mkwe wake. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja huchepuka akajificha mpaka mwenzake apite. Sasa atachezaje mbele yake? Eliakimu alikesha akiwaza, asubuhi akapata jibu: kigoda cha mama kiwekwe nyuma ya goli atakalolinda yeye. Yeye atakuwa akishambulia kule mbali, amempa mgongo tangu mwanzo hadi mwisho.

Siku ikafika, Bibi Loisi akaketi kigodani, Anjelina kando yake. Eliakimu na Gulzar walikuwa upande mmoja. Upande wa pili alikuwepo karani Geofrey pamoja na Masudi mwenye bucha. Eliakimu alimpanda Katibu, punda aliyeitwa hivyo kwa sababu kila shughuli aliifikia kwa kuchelewa. Punda walizunguka na kusinzia, mpaka Geofrey akafunga. Bibi Loisi, asiyejua nani ni wa nani, akapiga vigelegele.

Mara Eliakimu akaona wachezaji wenzake wanahama upande. Akauliza wanakwenda wapi. Gulzar akamwambia kuwa kwenye polo, kila goli likiingia, pande hubadilishana.

"Hilo hukunifundisha."

"Bwana Eliakimu, ulikuwa juu ya pipa. Pipa linageuka?"

Papo hapo Katibu alinusa kikapu cha mahindi mabichi kando ya kigoda cha Bibi Loisi. Katibu akatimua mbio. Eliakimu alipunga fimbo ili asianguke tu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akaupiga mpira katikati. Akaufuata, akaupiga tena. Makole nzima ikasimama ikiimba jina lake. Mbele hapakuwa na mtu. Lilibaki pigo moja.

Akainua fimbo. Akainua na macho, akaona kigoda.

Aliitupa fimbo, akavuta kofia usoni, akajirusha kando hadi ndani ya kichaka cha miiba. Bibi Loisi naye alikuwa ameshajifunika kanga na kugeuka. Katibu, bila mzigo, aliyafuata mahindi yake, na kwa kwato akausukuma mpira ndani. Gulzar akaapa kwamba kwenye polo goli la mnyama huhesabiwa. Geofrey anabisha mpaka kesho.

Chini ya kanga, Bibi Loisi akamuuliza binti yake nani kafunga.

"Punda, mama. Mwenyewe yuko kwenye miiba."

"Kaangushwa?"

"Kajitupa. Alikuwa ameshafika, mama. Kakuona."

Bibi Loisi akaivuta kanga yake vizuri.

"Basi rudi kwako," akasema. "Mchezo una adabu."

Jioni hiyo, uani Makole, Eliakimu alilala kifudifudi juu ya pipa huku Anjelina akimchomoa miiba, akimpa pole kwa baadhi tu.

"Mara nyingine," Anjelina akasema, "mama akae ubavuni mwa uwanja."

Eliakimu akaitikia kwamba, kweli, ubavuni ndiko kuzuri. Akaomba mwiba wa pajani utolewe taratibu, kwa ajili ya suruali.