Beki Aliyefundishwa Kupisha

Harufu ya majani yaliyovurugwa na kwato, ikichanganyika na vumbi na jasho la ng'ombe, haijanitoka puani tangu nikiwa mtoto Pemba. Kiangazi kikikaza, watu wakiisubiri mvua, kwetu ilikuwa desturi kucheza ng'ombe. Wengi hawajui. Hata Waswahili wa bara nikiwaambia hudhani nawafanyia mzaha. Dume la ng'ombe linafungwa kamba ndefu, zumari linalia, wanawake wanaimba, kisha mwanamume anaingia na kitambaa mkononi kwenda kulichokoza. Ami yangu Khatibu alikuwa mmoja wa hao wanaume. Mama alinikataza kusogea, nami nilipanda juu ya kiambaza cha nyumba ya jirani nikawa naona kila kitu, mpaka jirani akaanza kupiga kelele kwamba namvunjia nyumba. Wengine walikuwa wakirukaruka na kujionyesha kwa wasichana. Ami Khatibu hakuwa hivyo. Alisimama tu, akamwacha mnyama aje, na dakika ya mwisho kabisa akageuza bega. Halafu mwenye ng'ombe anakuja mbio, hamuulizi ami yangu kama ameumia, anamshika ng'ombe wake uso na kumbembeleza kwa maneno matamu ambayo sidhani mkewe aliwahi kuyasikia.

Sasa utaniuliza, mzee, ng'ombe wa Pemba na London wapi na wapi? Subiri. Mimi shule niliishia darasa la nne, na mtu wa darasa la nne hajui kuanzia katikati. Nataka kukueleza utoto wa mjukuu wangu Nasri, maana wangu mwenyewe ulikwisha bila mtu kuuangalia, ila wake niliuangalia wote. Na harufu ile ya majani yaliyopondwa niliikuta tena uzeeni, katika bustani ya umma karibu na nyumba yetu huku Thamesmead, asubuhi moja ya Jumamosi yenye manyunyu, nimesimama na mwavuli nikiwatazama wanaume wazima wakigombea mpira wenye umbo la yai. Nikasema moyoni, haya, nimerudi kiambazani.

Nasri ni mtoto wa binti yangu Zuwena. Baba yake aliondoka mapema, hilo tuliache. Zuwena anafanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao, zamu asubuhi, zamu jioni, kwa hiyo mtoto nimemlea mimi, baada ya kustaafu kazi yangu ya kusafisha mabehewa Stratford. Nilimlea kama nilivyolelewa. Mkubwa akija, inuka. Mkubwa akitaka kupita, mpishe. Akidondosha kitu, muokotee umpe kwa mikono miwili. Kiswahili anakielewa chote, anajibu kwa Kiingereza, lakini shikamoo yake ilikuwa safi kuliko ya watoto wa Chake Chake. Nilijivuna kwa hilo, sikufichi. Msikitini wazee walikuwa wakiniambia, Bwana Hamadi, kijana wako ana adabu, na mimi nainamisha kichwa kama vile sijasikia ili waseme tena.

Alipofika miaka kumi na tano akawa mrefu kama mlingoti. Mwalimu wake wa michezo, Mwaustralia mmoja jina lake Wayne, akamwona akiudaka mpira wa kikapu juu ya vichwa vya wenzake, akamwambia njoo ujaribu mchezo wa kwetu, mpira wa Kiaustralia. Huo mchezo nimeutazama miaka na bado sina hakika nao. Uwanja wao ni wa duara lililobanwa, milingoti ni minne kila upande, mpira unapigwa kwa mguu na kwa ngumi. Mtu akiudaka kutoka hewani, anapewa nafasi apige mwenyewe bila kusumbuliwa. Ndiyo maana kazi ya beki ni moja kubwa: kumganda mshambuliaji wake, na mpira ukija juu, aupangue kwa ngumi kabla jamaa hajaudaka. Nasri akapenda kuwa beki. Akapenda mno. Wayne akatuambia kwamba kule kwao watu wanalipwa kwa kazi hiyo, na kuna klabu ya Melbourne aliyowahi kuichezea inatafuta vijana warefu kutoka nje. Basi toka siku ile mtoto hakuwa na neno jingine. Alitaka kuwa beki wa kulipwa Australia. Si daktari, si mhasibu kama alivyotamani mama yake.

Mechi za Wayne zilikuwa za watu wazima, Waaustralia wanaofanya kazi London, wengine na vitambi na vipara. Mechi ya kwanza niliyokwenda, Nasri alipewa amkabe bwana mmoja mwenye ndevu za mvi. Mpira ukaja juu. Bwana akakimbia. Na mjukuu wangu, Mungu shahidi, akasogea pembeni akampisha. Bwana akaudaka kama anachuma embe, akapiga katikati ya milingoti. Mpira ukaviringika nyuma. Nasri akaenda kuuokota, akamletea yule bwana kwa mikono miwili.

"Mletee na chai!" akapiga kelele mmoja wa timu yetu, na wote wakacheka.

Wayne akanijia, uso mwekundu. Yeye aliniita Babu kwa kuwa ndivyo alivyomsikia Nasri akiniita.

"Babu, huyu mtoto amewahi kumsukuma mtu?"

"Hapana, alhamdulillahi."

"Basi hapo ndipo penye ugonjwa."

Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini hilo nililielewa na likaniuma. Mtu anakuambia malezi yako ni ugonjwa! Nilirudi nyumbani nimenuna, na Nasri nyuma yangu amenuna zaidi, maana alishaambiwa kwamba mtu wa kutoka Melbourne atakuja kuwatazama mwezi ule ule, na beki anayepisha hana safari. Zuwena alikuwa ndiyo kwanza anavua koti la kazi. Akasikiliza, akacheka mpaka akakaa.

"Baba, wewe ndiye uliyemfunga, mfungue wewe. Nikimwambia mimi atasema Babu kakataza."

Nikamwita jikoni. "Nasri, sikiliza. Ukishauvuka ule mstari mweupe, hakuna shikamoo."

Akaniuliza kwa Kiingereza, hata kama ni babu wa mtu?

"Huyo hasa. Wazee ndio wajanja."

"Na wewe je, ukiwa ndani?"

"Mimi ningekupita, huoni hata vumbi."

Akacheka, na hapo nikajua dawa. Nikachukua mto wa kochi, nikasimama kwenye ujia mbele ya mlango wa choo, nikauinua juu ya kichwa, nikamwambia haya, mimi ndiye mshambuliaji, nipokonye. Akaugusa kama anapapasa paka. Nikamtukana kidogo. Akagusa tena. Nikamwambia msichana wa darasani kwake angepangua vizuri zaidi. Jirani wa chini akaanza kugonga dari lake kwa fimbo ya ufagio. Jioni baada ya jioni tukawa hivyo, ndani ya ujia ule mwembamba, mimi na mto wangu, mpaka siku moja akanijia kutoka nyuma, akanibana bega ukutani, akaupiga mto ngumi ukaruka mpaka jikoni, na kwa Kiswahili, Kiswahili kitupu, akasema, "Toka, mzee!"

Zuwena akaacha kijiko. "Nasri! Babu yako huyo!"

"Mwache," nikasema. "Mwache, amekuwa."

Bega liliniuma wiki nzima. Sikuwahi kuwa na furaha ile tangu nifike nchi hii, wala sijaipata baadaye. Yule mtu wa Melbourne alipokuja, Nasri alipewa jitu moja la kutisha, na mchana kutwa jitu lile halikudaka hata mpira mmoja wa maana. Alikuwa anasimama, analiacha lije, halafu ngumi. Mimi pembeni nilipoteza mwavuli. Alipotimiza kumi na nane akapanda ndege na mkataba wa mchezaji wa kufunzwa. Mama yake alilia uwanja wa ndege, mimi nikajifanya natafuta choo.

Hapa ndipo ilitakiwa hadithi iwe tamu. Lakini kule, jamani, kule nilichoka mimi niliyekuwa huku. Kwanza walimweka timu ya akiba, sawa, kila mtu huanza. Mechi zao zikichezwa mchana, huku ni alfajiri, basi nikishaswali naketi na simu ya Zuwena natazama. Anapangua vizuri. Namwona. Nampigia, namuuliza, vipi, timu kubwa lini? Ananiambia wamesema namganda mtu wangu mno, nijifunze kumwacha nikamsaidie mwenzangu. Haya. Akajifunza. Namwona anamwacha mtu, anakwenda kupangua wa mwenzake, safi kabisa. Lini? Wamesema sasa namwacha upesi. Akajifunza hilo. Wakasema mguu wa kushoto. Akaukaza mguu wa kushoto. Wakasema mwepesi, ale. Akala, akawa na shingo kama nguzo. Wakasema ameongeza uzito, amepungua mbio. Nikataka niongee nao mwenyewe, Zuwena akaninyang'anya simu.

Neno lao ni moja, maendeleo. Nasri yuko kwenye mpango wa maendeleo. Nasri ana kocha wa maendeleo. Nasri ameonyesha maendeleo. Neno hilo mimi nimelisikia redioni tangu ujana wangu, na barabara ya kijijini kwetu bado ina mashimo. Nilikuwa nikimuuliza Wayne tukikutana dukani, wewe ulicheza kule, niambie, mtu anaendelea mpaka wapi? Anakuna kichwa. Anasema mabeki huchelewa kuiva, Babu. Mshambuliaji akikosea mara tisa na kufunga moja anashangiliwa, beki akipangua tisa na kukosa moja ndilo linaloandikwa. Kwa hiyo wanaogopa kumwingiza. Nikamwambia, kama mnaogopa, mlimchukulia nini mtoto wangu?

Mwaka wa pili ukaja ujumbe: Jumamosi yumo timu kubwa. Zuwena akabadilisha zamu. Dada yangu akaja kutoka Queensbury na wajukuu zake, wakalala sebuleni, alfajiri mandazi yamejaa sinia na watu wamejaa mkeka. Tukamtafuta kwenye runinga. Tukamwona. Amevaa koti refu, amekaa kwenye benchi, ni mchezaji wa kusubiri, akiumia mtu ndiyo ataingia. Kila mtu wa timu yake akianguka, dada yangu anasema inshallah, kisha anastaghfiru. Hakuumia mtu. Mechi ikaisha, amekaa na koti lake.

"Mbona hakucheza?" akauliza dada yangu.

"Anaendelezwa," nikasema, na hakuna aliyecheka.

Msimu ulipokwisha akaja London mapumziko. Nilimpokea mwanamume, kifua kipana, sauti nzito, ananisalimia vizuri, anakula vizuri. Usiniulize nilivyojisikia kumwona amekaa kwenye kochi lile na mto ule ule kando yake, anautazama kama kitu cha watu wengine. Zamani kosa lake lilikuwa moja, tukalijua jina, tukalitibu kwenye ujia wa nyumba mwezi haukwisha. Hawa watu wa Melbourne wana viwanja, wana madaktari, wana mashine za kupima jasho, na miaka miwili walikuwa wanamtafutia kosa jipya kila alipomaliza la zamani. Mimi sikusoma, sitasema najua kazi yao. Ila mtoto nilimkabidhi anacheka.

Jumapili moja Wayne akatuita bustanini, awaonyeshe vijana wake beki wa kweli. Majani yamelowa, baridi imeanza. Nasri akakubali, akavaa viatu, akawaonyesha jinsi ya kusimama, jinsi ya kutoka nyuma bila kumsukuma mtu mgongoni. Kijana mmoja akamuuliza, "Umecheza timu kubwa mara ngapi?" Nasri akasema, "Bado." Simu yake ikalia. Akasikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, asante, akaikata.

"Klabu?" akauliza Wayne.

"Klabu. Wananiongezea mwaka."

Wayne akamrukia, akampiga mgongo, akawaambia vijana wapige makofi, na wakapiga. Nami nilipiga, kwa nini nisipige? Mkataba ni mkataba.

"Mwaka wa nini?" akasema Nasri.

"Vipi, mwaka wa nini? Wa maendeleo. Wanakuamini, kijana. Kuna mambo madogo tu ya kurekebisha, ile hatua yako ya kwanza, mimi pia nimeiona leo..."

"Halafu?"

"Halafu tutaona."

Nasri akamtazama, si kwa hasira. Angekuwa na hasira ningefurahi, maana hasira mtu unaweza kuongea nayo. Akautupa mpira kwa kijana aliyekuwa karibu, akachukua koti lake kwenye benchi, akaanza kutembea kupita katikati ya uwanja, taratibu, kuelekea upande wa barabara. Wayne akaendelea kuwaeleza vijana habari za hatua ya kwanza. Baada ya muda akanigeukia, akaniuliza amekwenda wapi. Nikamwambia nadhani amekwenda kunywa maji. Tukamsubiri. Vijana wakaanza kupigiana mpira wenyewe, mvua ikaanza, mmoja mmoja wakaondoka. Hakurudi bustanini siku ile, hakurudi Melbourne, wala kwenye mchezo ule hakurudi tena.