Maneno Yaliyomzika Severin

Mtu akimwita Martina "Mama Figo" mbele yangu, ajiandae. Mimi Saada nauza dagaa sokoni, Morogoro mjini. Meza yangu na ya Martina zimegusana, yeye anauza karoti na kabichi za kwao Mgeta. Kila Jumamosi anafunga mapema anapanda milimani, na kesho yake misa ikiisha anasimama nje ya kanisa kuwaambia watu kwamba ndugu mzima anaweza kumpa mgonjwa figo moja na bado akalima. Anajitolea, halipwi hata soda. Na wanamcheka!

"Mbona wewe yako hukutoa?" wanamuuliza.

Watu hawana haya jamani. Wanajua fika. Kaka yake, Severin, figo zilipokufa, alipimwa Martina, zikaendana, naye alikuwa tayari. Lakini kwa Waluguru kina Martina, watani zangu, mtu ni wa ukoo wa mama yake, na msemaji wa ukoo ni mjomba. Mjomba Eustace akaitisha kikao akakata shauri: "Mwanamke ndiye shina, mwanamume ni tawi. Watoto wa Severin ni wa ukoo wa mkewe. Martina ndiye atakayetuzalia. Hatukati shina kuponya tawi." Baada ya hapo nani angethubutu? Severin akazikwa. Na Martina aliyetunzwa ili azae, hakujaliwa hata mmoja. Ndipo alipoanza kusimama pale kanisani.

Mwaka huu akaugua Lucy, mtoto wa mdogo wake wa kike Martina, msichana wa chuo, binti pekee aliyebaki katika nyumba ile. Figo tena. Kaka yake, Brian, akapimwa, zikaendana, akasema natoa. Mjomba Eustace akaitisha kikao.

"Saada, twende wote," Martina akaniambia. "Nikienda peke yangu nitamng'ata mtu."

Nikakaa mlangoni, mgeni mimi, namsikiliza mzee anavyojikohoza. Eti Brian ndiye nguvu ya nyumba, akipasuliwa nani atalima kule mteremkoni? Mama yake Lucy anafuta machozi kwa khanga. Wanaume wanaitikia kwa vichwa. Martina akapiga goti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Katika ukoo huu, mwanamke ni nani?"

Mzee akamtazama. "Ni shina."

"Na watoto atakaozaa Brian ni wa nani?"

"Wa ukoo wa mkewe, unajua."

"Sasa Lucy akifa, nani atakuzalia? Mimi? Ulinitunza nizae, nimezaa nini? Shina ndilo linaloumwa, mjomba, na tawi limekubali lenyewe. Unangoja nini?"

Mzee akainamisha kichwa. Kisha akasema, "Kweli. Brian aende."

Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga, mjinga mimi. Martina hakupiga. Akatoka nje. Nikamkuta nyuma ya jiko ameipiga teke ndoo ya maji, yuko chapachapa.

"Shoga, si wamekubali? Mtoto atapona, inshallah."

"Hawakumhurumia Lucy hata kidogo, Saada. Wamehurumia ukoo." Akafuta uso kwa kiganja. "Na angekuwa Brian ndiye mgonjwa, ningewaambia nini?"

Nikainama, nikaiokota ile ndoo.

Mjomba Eustace akaja na fimbo yake, uso umemkunjuka, akamshika Martina bega. "Mwanangu, leo umenena. Maneno mazuri namna ile nani kakufundisha?"

Wallahi nilidhani atamsukuma. Lakini alimtazama tu yule mzee.

"Wewe, mjomba," akamwambia. "Ndiyo uliyomzika nayo Severin."