Kadi Tatu Juu ya Swichi

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimelala Mishamo juu ya magunia ya maharage huku nyani wanamaliza mkate wangu, nimeuza mkaa kwa baiskeli isiyo na breki, na kwa darasa langu la nne nimesimamisha mashine ya kukoboa mpunga hapa Kakese ambayo wenye digrii wanapanga foleni mbele yake. Kwa hiyo nilipoamua kugombea uenyekiti wa kijiji sikutegemea kujifunza jipya.

Sababu ilikuwa kalavati. Mvua ililisomba, barabara ya mashineni ikakatika, na wateja wangu wakaanza kupeleka mpunga mjini. Kila mkutano mwenyekiti wetu alijibu kwamba suala lipo kwenye mchakato. Nikaona mchakato utaisha mashine yangu imekuwa banda la kuku.

Nikaenda kuchukua fomu kwa mtendaji, binti mpole mwenye miwani.

"Mzee, chama gani kimekudhamini?"

"Hakuna. Nimekuja mwenyewe."

"Mwenyewe haiwezekani. Lazima chama."

"Mwanangu, mashine nilidhaminiwa na nani? Watu wa hapa wananijua mpaka jikoni kwangu. Anayenitaka anichague, asiyenitaka anikatae. Chama cha nini?"

"Sheria sikutunga mimi, mzee."

Basi, kama ni chama, kadi nilikuwa nazo tatu. Mwenye mashine hana chama, ana wateja. Kila aliyekuja kuuza kadi nilinunua, nikaipigilia ukutani juu ya swichi, zikakaa pale kama picha za mitume, ili kila mteja akiingia akute ya kwake atulie. Ya kwanza aliniuzia huyo huyo mwenyekiti.

Mke wangu alinionya. "Baba, zibandue hizo kadi kabla hujarudisha fomu."

Nikamwambia mwanaume hafichi mali yake.

Nikachagua chama kidogo kuliko vyote. Ofisi yake ipo kwa fundi baiskeli, na fundi ndiye mwenyekiti, katibu na wanachama. Akanigongea muhuri fomu ikiwa juu ya tairi, nikairudisha siku hiyo hiyo, nikaanza kutembea kama mheshimiwa.

Siku ya pili majina yakabandikwa. Langu halipo. Mwenyekiti ameniwekea pingamizi, mtendaji amelikubali: sheria hairuhusu mtu kuwa na vyama viwili, sembuse vitatu. Ushahidi ni picha ya simu, ukuta wangu na mimi mwenyewe chini yake, nimeinua kidole gumba. Nakumbuka siku anaipiga nilimwambia apige na nyingine, hiyo sikutoka vizuri.

Nikamfuata dukani kwake, watu wamejaa.

"Kadi moja si uliniuzia wewe?"

"Ndiyo maana najua unayo, bosi. Wake watatu tungekuelewa. Vyama vitatu ni uhuni!"

Watu walicheka mpaka mama mmoja akamwaga mafuta ya kula. Mimi nilicheka pia, ila wiki ya pili.

Nikakata rufaa. Mezani wamekaa watu wanne, wote mshahara wao unatoka kule kule unakotoka wa mtendaji. Wakakubaliana naye kabla sijamaliza kusalimia. Siwachukii, mshahara ni mshahara. Lakini hata kwenye ndondo zetu hapa hatumpi filimbi kaka yake golikipa. Na serikali iliyoshindwa na kalavati moja inapata wapi nguvu ya kutuchagulia nani asimame na nani akae? Ituachie. Mtu asimame na jina lake, kura zihesabiwe na watu wasiolipwa na mshindi, basi.

Siku ya kura karatasi ilikuwa na jina moja. Likashinda.

Na mvua zilikuwa zinakaribia, mashine imelala. Nikaita mafundi, nikajenga kalavati mwenyewe, bila chama. Matrekta ya mpunga yakarudi. Siku tunamaliza akaja mwenyekiti na utepe, akapanda juu ya zege langu, akatangaza mchakato umekamilika. Watu wakapiga makofi. Nikatazama chini, nikaona na mikono yangu inapiga. Hapo, nakiri, nilishangaa.

Jua lilikuwa kali, nikamnunulia na soda. Mabomba, saruji, mawe, mafundi, zile kadi tatu na hiyo soda: shilingi milioni moja, laki tisa, elfu arobaini na sita na mia saba.