Maji ya Kijani ya Nsimire

Siku inayonirudia mara nyingi, mwanangu, ni Jumapili ambayo tonton, ndugu ya baba, alikuja kumchukua mdogo wangu Nsimire. Baba na mama walikuwa wamefariki, na mimi mkubwa, yule wadogo wanayemwita yaya, nilikuwa nimeacha masomo ili nishone nguo kwa mashine barazani kwetu, Bagira. Miaka ile ya Zaïre, ndugu waligawana yatima. Zamu ya Nsimire ilikuwa imefika: angeenda Kasha kulea watoto wa tonton, na shule ingeishia hapo.

Dirishani alikuwa na kazi ya sayansi. Chupa mbili za kioo, maji ya ziwa, na ndani yake alikuza ile mimea midogo ya kijani ambayo mwalimu wao aliiita alge. Moja aliitia majivu kidogo. Kila alasiri alishusha kifungo cheupe kwa uzi mpaka kisionekane, kisha akapima uzi kwa mètre, utepe wangu wa kushonea. Maji yakizidi kijani, uzi unakuwa mfupi.

Tonton alikuwa amepita juma lililotangulia, akayacheka maji yale kuwa kama majani ya muhogo yaliyopikwa.

"Hii sombe bila mafuta ndiyo masomo?"

"Inakomaa, tonton. Hii ya majivu inashinda ingine."

"Basi ikizidi kijani mpaka Jumapili, utabaki. Ikikataa, unafunga nguo zako."

Alitania, lakini nusu tu. Nsimire akaingiwa na haraka, akaongeza majivu. Jumapili ilipofika maji ya chupa ile yalikuwa yamepauka, na kifungo kilionekana mpaka chini.

Nilimnong'oneza, "Sema tu uzi ni mufupi. Tonton hajue kusoma mètre."

"Hapana, yaya. Mwalimu alisema tuandike yenye tunaona."

Akamgeukia tonton. "Imekufa. Ni mimi nilitia majivu mingi." Kisha akaingia chumbani kutafuta kitenge cha kufungia nguo zake.

Mwanangu, sikuwa nimewahi kumpinga mkubwa. Lakini nilisimama.

"Tonton, utanisamehe. Nsimire haendi."

"Utamulisha na nini?"

"Na hii mashine."

Aliondoka bila kugusa chai. Tulikaa muda mrefu bila kumwona, na hilo liliniuma, maana alikuwa na sauti ya baba. Nsimire alichota maji mengine akaanza upya. Mwalimu alimwambia aeleze darasani hata habari ya ile chupa iliyokufa.

Wewe uliyeachiwa wadogo, usiwafundishe kudanganya ili uwaokoe. Nilijaribu, na mtoto akanikataza. Ila mtoto akisema ukweli unaomgharimu, usimwache aulipie peke yake. Simama mbele yake, hata kama sauti inatetemeka, hata kama anayesubiri mlangoni ni mtu unayempenda.

Mungu akutie nguvu mikononi, mwanangu. Wadogo zako wakue wote machoni pako, na jioni wakuite yaya kwa furaha.