Mafuta ya Jua Tuliyoyapima kwa Mikono Yetu

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya serikali mjini Goma, niliwakuta wakubwa wangu wamekaa juani nyuma ya ofisi, juu ya mawe meusi ya volkano, mikono ya shati wameikunja hadi mabegani. Nilidhani wamegoma. Nilikuwa nimehamishwa kutoka Butembo, ambako nilipima unga na mafuta ya mawese, kazi ya kivulini yenye chai nyingi. Nikamuuliza karani kuna nini. Akajibu, bila hata kuinua kichwa, kwamba wako kazini, wanapima.

Nieleze, maana vijana wa leo wamekuta kila kitu tayari. Kila tyubu ya mafuta ya kukinga jua ina namba. Namba ikiwa kubwa, maana yake ngozi iliyopakwa itastahimili jua kwa muda mrefu zaidi kabla haijaungua. Maabara ndiyo inayohakikisha namba hiyo haidanganyi, kisha bidhaa inapigwa mhuri na kwenda sokoni. Ipo mashine ya kazi hiyo. Unapaka mafuta kwenye kipande cha kioo, unawasha taa yenye miale mikali kama ya jua, ile isiyoonekana kwa macho, halafu unasoma ni kiasi gani kimepenya. Mashine yetu iliporwa vitani, pamoja na viti na hata vitasa vya milango. Tulibaki na kitabu cha mafunzo.

Mkuu wetu wa maabara tulimwita kwa Kifaransa Chef wa Labo. Hakuwa mjinga, na sitaki mtu amcheke. Kitabu kilieleza kwamba Ulaya hupimia pia kwenye ngozi ya mtu: sehemu moja inapakwa, nyingine inaachwa, zote zinapigwa mwanga, kisha unaangalia wekundu unajitokeza lini. Basi Chef alichora miraba kwa kalamu kwenye mikono ya wafanyakazi wake na kuwaanika. Jua likizama bila wekundu kuonekana, mafuta yamefaulu.

"Tunatumika na kile tuko nacho, mama," aliniambia siku ile, akijifuta jasho. "Vita haitungoje."

Mimi nilipelekwa kitengo cha vyakula, nikarudi kwa unga wangu. Miaka ile Goma ilikuwa imefurika watu. Wakimbizi, waliohama vijiji vyao, wafanyabiashara, askari wa kila rangi ya sare. Tulikuwa tukipima mchele wa msaada huku mabomu yakisikika upande wa Masisi. Anayefikiri kazi ya maabara ni ya utulivu hajawahi kushika chupa ya asidi nyumba ikitikisika.

Baadaye tukaletewa mkurugenzi mpya kutoka Kinshasa, mwanamke mfupi asiyependa hotuba. Sisi tulimwita Madame Directrice. Wizara ilitaka kurekebisha kanuni za mafuta ya jua na namna ya kuyapima, naye akaamua wananchi wasikilizwe kwanza, hadharani, katika ukumbi wa parokia kule mtaa wa Mapendo. Chef alifurahi. Alinichukua nikamsaidie kuonyesha sampuli, yaani zile tyubu chache zinazochukuliwa kwenye mzigo ili zipimwe.

Wauzaji walijaa mbele, wakilalamika kuhusu forodha. Masista wa dispensari walikaa katikati. Kisha akasimama mwanamke mmoja aliyevaa kofia pana ndani ya nyumba, na mikono mirefu pamoja na joto lote lile. Alikuwa Mama Furaha, fundi cherehani wa mtaa wa Mabanga. Vita vilimtoa Masisi, akaishi kwanza kwenye mahema ya wakimbizi ya Munigi. Alizaliwa na ualbino. Kwenye paji la uso, karibu na sikio, alikuwa amebandika kitambaa cha dawa. Alinyanyua tyubu yenye mhuri wetu, akasema anaipaka kila asubuhi tangu siku za mahema, na kidonda chake hakiponi.

"Chef, hii mafuta mulipimia ku nani?"

Chef alikunja mkono wa shati, akauonyesha ukumbi mzima kwa fahari. Alisema hakumtuma mtu mwingine juani, alijipima mwenyewe pamoja na watu wake, na hakuna aliyeungua.

Mama Furaha aliutazama ule mkono mweusi, imara. Akauliza polepole:

"Na fasi ile hamukupaka, yenyewe iliungua?"

Chef aliushusha mkono wa shati. Jibu alilijua, nami nililijua, na kila mtu pale mwenye ngozi kama yetu alilijua. Haikuungua. Ile isiyopakwa ilikuwa sawasawa na ile iliyopakwa, siku zote, kwa kila tyubu. Hata tungepaka maji ya ziwani tungeyapigia mhuri. Madame Directrice aliweka kalamu chini.

"Mama, unisamehe," Chef alisema. "Sikufikiriaka mutu kama weye."

"Njo ile tu, Chef. Hamukunifikiriaka."

Mhuri ulifutwa jioni ile ile, na kanuni mpya zikaandikwa: hakuna kupima kwa macho, na mtu anayeyahitaji mafuta yale awepo mezani wakati wa kuamua. Chef mwenyewe ndiye aliyeandika barua za kuomba mashine. Barabara zikafungwa, zikafunguliwa, zikafungwa tena. Mashine ilipofika hatimaye, nilikuwa nimehamishiwa kitengo chake, na tyubu ya kwanza tuliyoiweka kwenye kioo ilikuwa ya aina ile ya Mama Furaha. Miale ilipita karibu yote. Nilijua itakuwa hivyo, na bado niliipima mara ya pili.

Sasa nimestaafu, na vijana wa maabara huja kunisalimu, huniuliza kitu gani kilikuwa kigumu zaidi, vita au ukosefu wa vifaa. Wanataka niseme vita. Mimi huwasimulia siku nilipokwenda Mabanga na tyubu ya kwanza iliyofaulu kweli, nimeifunga kwa karatasi safi kama zawadi ya harusi. Mama Furaha alikuwa kitandani. Kidonda, saratani ya ngozi iliyoletwa na jua, kilikuwa kimekwisha kula sikio, na madaktari walikuwa wamemwambia arudi nyumbani. Nilimweleza mashine ilivyosoma, na kwamba hii ni ya kweli. Aliifungua, akainusa, akapaka kidogo nyuma ya kiganja chake. Kisha akaifunga tena na kunirudishia.

"Ku nyumba ya pili kuko mutoto mudogo sawa miye," alisema. "Mupelekee. Miye jua ilishanimaliza."

Nilivuka ua nikabisha hodi. Mama wa mtoto alifungua, akamwita, na mtoto akaja mbio kutoka juani, kichwa wazi.