Taa Zilizoangalia Kulia

Baba aliweka ufunguo wa lori mezani, karibu na chai iliyokwisha kupoa, akasema, "Macho yangu yamekwisha. Uzeni."

Alfajiri hiyo alikuwa akirudi nyumbani kutoka Nachingwea na magunia ya ufuta. Alipofika Likunja, mama mmoja mwenye jembe begani akarukia majanini, upande wa kushoto wa barabara. Baba hakumwona kabisa mpaka aliporuka kulikwepa lori. Alisimamisha gari akashuka kuomba radhi, na yule mama akamtukana vizuri, kama ilivyostahili. Hakuumia hata ukucha. Aliyeumia ni baba. Mtu aliyeendesha malori tangu mimi sijazaliwa akawa anakaa kibarazani kama mgeni, na Ijumaa mnunuzi alikuwa anakuja kutoka Namungo kulichukua lori.

Nyumbani wote walisema pole, uzee ndivyo ulivyo. Mimi nilikasirika. Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Baba huyuhuyu anayeona punje ya mchanga kwenye ufuta! Macho gani yamekwisha?

Jioni nikawasha lori ili nilisogeze ghalani tushushe magunia. Taa zikapiga ukuta, nikaduwaa. Upande wa kulia mwanga ulipanda mpaka kwenye bati. Upande wa kushoto, wanakopita watu, ulikuwa umeinama chini na kuacha giza tupu.

Lori letu ni la zamani. Taa zake za mbele ni zile za mviringo, glopu na kioo vyote kitu kimoja. Ikiungua unatupa nzima, unaweka nyingine. Hizi baba alizinunua majuzi Nachingwea, mtumba, akazipenda kwa weupe wake. Kumbe zilitengenezwa kwa nchi ambako magari hupita kulia! Ndiyo maana kila dereva aliyekutana naye alimwashia taa kwa hasira. Baba, maskini, alidhani wanamsalimu, naye akawa anawapungia mkono.

"Baba, si macho. Ni taa."

"Unanifariji tu, mwanangu."

Kesho yake nikaendesha mimi, yeye abiria, mpaka duka la spea Ruangwa mjini. Muuzaji akatoa zinazong'aa kuliko zote. Nikamwambia aziunge kwenye betri, amulike ukuta wa stoo yake.

"Dada, taa ni taa."

"Kaka, chumvi na sukari nazo zote nyeupe. Washa!"

Jozi ya kwanza ikapanda kulia. Ya pili vilevile. Muuzaji akaanza kuguna, nikamwambia sitoki hapa. Ya tatu ilikuwa na umanjano kidogo, wala haikuwa kali, ila mwanga wake ulipanda kushoto. Baba alikuwa amekunja mikono muda wote. Akasogea, akaugusa ukuta pale mwanga ulipoishia. Kisha akazibeba mwenyewe hadi kwenye gari.

Zilipokwisha kufungwa, baada ya swala ya Magharibi tukaenda kwenye barabara ya vumbi isiyo na magari. Baba akashuka.

"Endesha wewe. Mimi nitasimama kushoto, kama yule mama."

Nilimwona mapema, hadi vifungo vya shati. Nikapiga honi kwa furaha, nikijua tumemaliza. Akaja akafungua mlango wangu.

"Haya. Sasa kasimame wewe."

Nikashuka polepole. Kusema macho yake ni mazima ilikuwa rahisi nikiwa nimekaa kwenye kiti. Nikaenda, nikasimama kwenye nyasi. Injini ikanguruma, ikakaribia. Mwanga ukanigusa miguu, ukapanda kiunoni. Nikafumba macho, nikasema bismillahi.

Lori likasimama mbali, mbali kuliko nilivyotarajia. Baba akatoa kichwa dirishani, na sauti ilikuwa ile yake ya zamani.

"We mtoto! Ndala moja nyekundu, moja ya bluu, ndivyo nilivyokulea?"

Nikatazama miguu yangu. Kweli. Nikalia palepale barabarani, huku nikicheka.