Kadi ya Kwanza ya Neno "Run"

Mama Kadi alikabidhiwa neno "run" akiwa na meno yote. Miaka mitatu baadaye alikuwa na kadi mia mbili na kumi na tatu, kila maana na kadi yake, kwenye kisanduku cha viatu, magego mawili yameshang'olewa, na Ijumaa hiyo alikuwa anastaafu.

Ofisi yao, chumba kimoja chenye meza nne na feni mbovu, ilitunga kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. Waingereza, kwa jinsi alivyowaona, walikuwa wavivu kupindukia. Neno moja wamelitwisha kazi zote. Mashine kwao hukimbia, kwetu hufanya kazi. Pua ya mtoto hukimbia, kwetu hutoka kamasi. Rangi ya shuka hukimbia, kwetu huchuja. Mtu akitaka ubunge naye hukimbia, ingawa kwetu hugombea kwanza, mbio ni baada ya kushinda.

Sheria ya ofisi ilikuwa moja: kila maana iwe na sentensi iliyosikika kwa masikio, kutoka kinywani mwa mtu ambaye hakuombwa aiseme. Kutunga yako ilikuwa sawa na wizi.

Jumatatu mhariri mkuu alipekua kisanduku, akavua miwani. "Mama, ya kwanza iko wapi?"

"Ya kwanza ipi?"

"Ya miguu. Mtu kukimbia."

Haikuwepo. Alikuwa amehangaika na soksi zinazofumuka na mabomba yanayotiririka hadi akasahau miguu. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Mhariri akamwambia lori la kiwanda cha uchapaji lingekuja kuchukua kadi Ijumaa saa sita. Neno likiwa na pengo, atalimalizia mrithi wake, na jina la mrithi ndilo litakalochapwa chini ya ukurasa.

Wiki nzima alitega masikio. Ajabu, hakuna aliyemwambia mwenzake akimbie. Sokoni walisema "changamka". Kituoni, "chapa mwendo". Nyumbani aliacha maziwa yafure jikoni makusudi, Mungu amsamehe, akapiga ukelele. Mumewe, fundi bomba mstaafu, hata kichwa hakuinua.

"Si uzime jiko, mke wangu."

Ijumaa, saa sita kasoro kidogo, alikuwa bado anateremka ngazi za ofisi, kisanduku kifuani, goti bovu likimlalamikia. Mlinzi wa getini, mzee mwenzake, akapaza sauti.

"Mama! Kimbia, mama, gari linakuacha!"

Mama Kadi akasimama kabisa. Akaweka kisanduku chini, akatoa kalamu na kadi tupu. "Umesemaje?"

"Nimesema kimbia!"

"Sema yote, tafadhali. Vilevile ulivyosema."

Mlinzi alimtazama kama anayemtazama mtu aliyepigwa na jua, akakwapua kisanduku na kutoka nacho mbio. Mama Kadi alipomaliza kuandika na kuinua kichwa, kisanduku kilikuwa kimeshapakiwa, lori linanguruma, na kadi aliyoisubiri wiki nzima imo mkononi mwake, wino haujakauka.

Ilikuwa miaka thelathini tangu mtu amwambie akimbie. Akapandisha sketi, akakimbia. Goti lilimuuma vibaya sana, kiatu kimoja kikabaki njiani, wala hakugeuka kukitazama. Akaugonga mlango wa lori kwa kiganja.

Dereva aliipokea kadi dirishani, akaigeuza huku na huku. "Ni hii tu, mama?"

"Hiyo tu," alisema, pumzi zikimwishia. "Iweke ya kwanza."